Nyumba ya babu imeorodheshwa, gari nililaze wapi?

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi, za bei ya bati, za choo cha shimo kujaa, hata mmoja kaniuliza parachichi lake lina ugonjwa gani kana kwamba mi ni bwana shamba. Ila hii ya Iringa imenikaa kichwani wiki nzima, kwa hiyo naipa nafasi kubwa na wengine mtavumilia.

SWALI: Kamwene mzee, shikamoo. Mi nakaa Gangilonga, Iringa, kwenye nyumba aliyoinunua babu miaka ya sitini kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ni ya mawe, kuta nene mpaka unaweza kukaa dirishani ukanywa chai, ina kibaraza mbele, sakafu za mbao, na uani kuna mjakaranda mkubwa. Miaka ya nyuma ililetwa barua kwamba nyumba imetangazwa ya kihistoria na isibadilishwe bila ruhusa, babu akaiweka kabatini ikaishia hapo. Sasa mwaka jana nimenunua Hilux dabo kabini ya mkopo, ndani ya miezi mitano nimeibiwa saiti mira mara mbili na taa ya nyuma, gari likiwa hapo hapo kwenye majani nje ya dirisha langu! Nimeita fundi, anasema anaunganisha gereji na ukuta wa nyumba upande wa kibaraza ili tuokoe ukuta mmoja, anapandisha bloku, juu anamwaga zege ili baadaye niongeze chumba cha kupangisha, na nguzo moja ya mawe ya geti tunaivunja maana gari linapita kwa kubana. Wiki mbili kazi imeisha. Shangazi yangu wa Makambako kasikia, kapiga simu analia, anasema nitafungwa. Mke wangu anasema kwani unagusa nyumba? Unajenga pembeni. Nani yuko sahihi? Af hati bado ina jina la babu, hilo nalo lina shida?
*Mjukuu, Gangilonga*

JIBU: Marahaba mjukuu, kamwene. Shangazi yuko sahihi nusu, mkeo yuko sahihi robo, fundi ndo hana alichopatia hata kimoja, na bahati yako umeniandikia kabla hujampa hela ya kuanzia (naomba Mungu iwe hivyo).

Kwanza tuachane na hilo neno gereji. Ukienda halmashauri na barua inayosema naomba kujenga gereji, mtu wa mapokezi anaona picha ya vijana wenye ovaroli, oili chafu imemwagika na injini inaning'inia kwenye mti, yaani anaona unabadilisha matumizi ya kiwanja cha makazi kuwa biashara. Sitanii, nimeshaona faili limezunguka miezi kwa ajili ya neno moja tu. Andika banda la kuegesha gari la familia, gari moja, na vipimo vyake.

Sasa sheria. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Watu wengi wanaijua kwa mwaka 1863, kwamba jengo lililojengwa kabla ya hapo linalindwa lenyewe bila hata kutangazwa. Nyumba yako haifiki huko, mwaka 1863 Gangilonga hakukuwa na mzungu wa kujenga nyumba ya kibaraza, Wajerumani wenyewe wameiteka Kalenga ya Mkwawa Oktoba 1894 na ndo baadaye mji wa Iringa ukaanza kupandishwa hapo juu mlimani. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo lolote lenye thamani ya historia hata kama si la zamani kihivyo, na likishatangazwa kulibomoa, kulibadilisha au kuliharibu bila kibali ni kosa. Halafu iko Sheria ya Mipango Miji ya 2007, nayo inaruhusu mamlaka ya mipango kulinda majengo na maeneo yenye sura au historia ya pekee. Kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla ya tofali, kabla ya fundi, fungua hilo kabati la babu uitoe ile barua uisome. Imeandikwa na nani, inataja sheria gani, na kubwa kuliko yote inataja nyumba peke yake au nyumba na eneo lake? Maana hapo ndo ugomvi wa shangazi na mkeo unapoishia. Ulinzi unaweza kuchukua na ardhi inayozunguka, uwanja, ukuta wa mawe, hata hizo nguzo za geti unazotaka kupiga nyundo. Mkeo anadhani historia inaishia kwenye lipu, wakati mtu anayepita barabarani anaiona nyumba pamoja na uwanja, mti na geti.

Ukishaisoma, piga kopi, nenda nayo kwa ofisa mipango miji wa manispaa na umwambie na Mambo ya Kale wanahusika, wako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Omba akujibu kwa maandishi. We nyumba ya kihistoria usiijengee kwa maneno ya "nenda tu hamna shida", huyo aliyekwambia hamna shida mwakani anahamishwa Sumbawanga na unabaki na shida yako.

Kuhusu hati, ndio, lina shida tena ndo linaweza kukuchelewesha kuliko historia yote. Kibali cha ujenzi kinataka uthibitisho wa umiliki na risiti za kodi ya ardhi, na babu hawezi kusaini. Kama mirathi haijafunguliwa, kaeni kikao cha ukoo, mteue msimamizi, mwende mahakamani akathibitishwe, halafu yeye ndo aombe. Na hapo mjukuu nikwambie ukweli, kama shangazi wa Makambako ni mtoto wa marehemu basi hiyo nyumba ni yake kabla haijawa yako, usimwone analia ukadhani ni ushamba.

Twende kwenye ujenzi wenyewe sasa, hapa ndo nina maneno mengi.

Kuunganisha na ukuta wa nyumba, hapana. Fundi anakwambia unaokoa ukuta mmoja, hajakwambia unaharibu upi. Nyumba ya mawe ya zamani, nyingi zimejengwa kwa chokaa au udongo, simenti ilikuwa ya kuagiza na ghali. Ukuta wa namna hiyo unapumua, unanyonya unyevu kidogo masika na kuutoa kiangazi. Sa ukiubandika bloku na lipu ya simenti upande mmoja, ule unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu, unatokea ndani sebuleni kwa umbo la ramani ya Afrika, rangi inabanduka, af mnaanza kusema nyumba imezeeka. Haijazeeka, mmeiziba pumzi. Pia msingi mpya na wa zamani havishuki sawa, wa zamani ulishatulia miaka themanini, wako ndo kwanza unaanza kukaa, katikati lazima pafunguke ufa na ufa huo ukiujaza simenti kila mwaka utakuwa unakusalimia kila mwaka. Bado sijasema moto. Gari lina mafuta, nyumba ina sakafu na kenchi za mbao kavu za miaka yote hiyo.

Zege juu kwa ajili ya chumba cha kupangisha, hiyo futa kabisa. Huo si ulazaji wa gari tena, ni nyumba ya pili, inataka mhandisi wa kuchora nondo, inazidi urefu wa kibaraza, na hakuna ofisa mwenye akili atakayeipitisha mbele ya nyumba iliyotangazwa.

Kwa hiyo banda linakaa wapi? Nyuma au pembeni nyuma, mahali ambapo mtu akisimama getini anaiona nyumba kwanza na banda halioni au analiona kwa shida. Lisimame peke yake. Mi huwa sikubali chini ya mita 3 kutoka kwenye ukuta wa zamani, na ukitaka kuchimba kwenda chini kuliko msingi wa zamani basi uongeze umbali, maana uzito wa nyumba haushuki wima tu, unatanuka kwenye udongo kama mlima, ukichimba ndani ya huo mlima unaukata miguu. Nilishawahi kusimamia kazi moja Mbeya, ya nani sisemi, vijana wakachimba mtaro wa msingi Ijumaa karibu na nyumba ya zamani, Jumamosi ikanyesha ile mvua ya Machi, Jumapili watu kanisani, Jumatatu tunakuta mtaro umejaa maji kama josho la ng'ombe na juu ya dirisha kuna ufa unaoingiza kidole. Tangu siku hiyo msingi karibu na nyumba ya zamani nachimba kiangazi tu, Juni mpaka Oktoba, na nafukia vipande vipande.

Mjakaranda uheshimu. Mizizi inaenda mbali kuliko kivuli chake, ukikata mikubwa upande mmoja mti unaweza kukuangukia juu ya hilohilo gari. Kama nafasi iliyobaki ni chini ya mti, usichimbe msingi wa mfululizo, simamisha nguzo nne au sita kwenye vishimo vidogo unavyochimba kwa mkono ukiangalia mizizi, ukikutana na mzizi mnono unasogeza shimo.

Ukubwa. Hilux dabo kabini ina urefu kama mita 5.3 na upana karibu mita 1.9 bila vioo (ambavyo kwa sasa huna, pole). Banda la mita 3.5 kwa 6.5 linakutosha, unafungua mlango unashuka bila kujikunja. Usijenge la magari mawili kwa sababu ya ndoto.

Sura yake sasa, hapa watu hugawanyika. Wapo wanaotaka banda lifanane na nyumba, waweke mawe ya kubandika na kibaraza cha uongo. Mi sipo upande huo. Mwaka 1964, mwaka uleule wa sheria yetu, wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice huko Italia wakaandika mkataba ambao mpaka leo ndo unashikwa, na moja ya mambo yake ni kwamba kinachoongezwa kijulikane kuwa kimeongezwa, kisidanganye, lakini pia kisivuruge uwiano wa jengo. Kwa lugha ya Gangilonga ni hivi, banda liwe fupi kuliko ukingo wa bati la nyumba, mteremko wa paa ukaribiane na wa nyumba, rangi iliyopoa kama ya udongo au kijivu, sio ile bluu ya msauzi inayoonekana mpaka Ipogolo. Nguzo za mbao za msonobari wa Sao Hill zilizotiwa dawa, au chuma, zimefungwa kwa bolti kwenye vitako vya zege. Kilichofungwa kwa bolti kinafunguka kwa spana, siku wajukuu zako hawataki banda wanalitoa na uwanja unabaki ulivyokuwa, na hata huyo ofisa ukimwambia hivyo anapumua. Ukitaka kufunga pembeni kwa ajili ya wezi weka mbao za kusimama zenye nafasi au wavu wa chuma, na mlango wa kufuli. Mwizi wa saiti mira anataka dakika moja gizani, hana muda wa kukata kufuli mbili chini ya taa.

Njia ya gari ndo watu wanaisahau na ndo inayoua nyumba kimyakimya. Angalia chini ya kuta za nyumba yako utaona vitundu vyenye wavu au tofali lenye matobo, hivyo vinapitisha hewa chini ya sakafu ya mbao. Fundi akija kumwaga moramu na kupanga pevingi mpaka ukutani, ardhi inapanda, vitundu vinazibwa, sakafu inaanza kuoza na mchwa wanakaribishwa rasmi. Acha ukanda wa kokoto tupu angalau nusu mita kuzunguka nyumba, na njia yenyewe iinamie mbali na ukuta. Huhitaji kupaka uwanja mzima zege, mistari miwili ya kupita matairi na majani katikati inatosha kabisa na kwa kweli inapendeza.

Na maji ya paa. Paa la mita 4 kwa 7 ni mita za mraba 28, ikinyesha milimita 30 jioni moja unapokea lita 840, zote zikimwagika sehemu moja karibu na msingi wa babu unajua kitakachotokea. Weka gata, ingiza kwenye simtanki, oshea gari.

Geti. Gari linapita, umesema mwenyewe linapita kwa kubana, basi usivunje. Chunguza kama nyuma ya kiwanja kuna uchochoro unaoweza kufungua mlango wa gari huko, mara nyingi viwanja vya zamani vilikuwa na njia ya nyuma ya watumishi, ukiipata umeua ndege wawili, banda liko nyuma na njia iko nyuma, mbele panabaki pa babu. Nguzo ya mawe ikishavunjwa hata ukiijenga upya kwa mawe yaleyale inaonekana kama meno ya bandia.

La mwisho kwako, mkichimba mkakuta vigae vya vyungu, chuma cha zamani, shanga, chochote kisichoeleweka, simamisheni na mtoe taarifa serikalini, ofisi ya Mkuu wa Wilaya inapokea. Mkikuta mifupa, polisi kwanza. Iringa jina lenyewe limetoka kwenye lilinga, ngome, huwezi jua jembe lako linamgonga nani.

Kabla ya yote hayo nenda Boma pale mjini, lile lililojengwa na Wajerumani kama hospitali miaka ya 1900 hivi na tangu 2016 ni makumbusho, ukaguse kuta zake kwa mkono. Mpeleke na huyo fundi wako wa wiki mbili.

SWALI: Mwagonile mzee. Mi ni mchungaji, nakaa kwenye nyumba ya zamani ya misheni huku Rungwe, karibu na Tukuyu. Wazee wa kanisa wamekubali tujenge banda la gari la usharika, ila wanataka liegemee nyumba kwa sababu ya mvua, mtu ashuke moja kwa moja ndani asiloane. Je, inafaa?
*Mtumishi, Rungwe*

JIBU: Ugonile mchungaji. Kwa huko kwenu maneno yote niliyomwambia mjukuu wa Iringa zidisha mara tatu. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, banda dogo tu la mita za mraba 24 linakusanya lita 48,000, na likiegemea nyumba basi pale paa mbili zinapokutana panakuwa bonde la maji, majani ya miti yanaziba, maji yanarudi ndani ya ukuta. Wamoraviani wamefika Rungwe 1891, zile nyumba zimevumilia mvua zote hizo kwa sababu paa zimetoka nje sana na hakuna kilichoegemezwa. Jengeni mbali, unganisheni kwa njia nyembamba yenye bati na nguzo isiyogusa ukuta, iishie sentimita chache kabla, mtu aruke hatua moja kwenye mvua hiyo haimpunguzii wokovu. Na kama mnaziba nyufa za zamani tumieni chokaa na mchanga, moja kwa tatu, chokaa ya Songwe haiko mbali na nyie. Simenti wekeni kwenye vitako vya nguzo mpya.

SWALI: Mzee mi nshajenga. Mbeya mjini, nyumba ya enzi za Mwingereza, nimeweka gereji ya bloku pembeni, nimefika linta, jana wamekuja wamepiga X nyekundu na kuandika SIMAMISHA. Fundi anasema nipake rangi juu ya X tuendelee usiku. Nifanyeje?
*Nimeshachelewa, Mbeya*

JIBU: Usipake rangi! We mtu mzima unaficha X? Walioiandika wana daftari na wana picha kwenye simu. Simamisha kweli, lipa mafundi siku zao waondoke, funika kuta na nailoni zisilowe, halafu nenda mwenyewe kabla hujaitwa, na ramani ya kilichopo na ya kilichobaki. Waulize mambo mawili tu, tatizo ni kukosa kibali au ni mahali ulipojenga. Kama ni kibali, kuna uwezekano wa kurekebisha kwa kuomba na kulipa kinachotakiwa. Kama ni mahali, yaani umeziba nyumba ya zamani au umeshika ukuta wake, basi bora ubomoe mwenyewe taratibu kwa mkono, tofali unaziokoa, kuliko kusubiri wakubomolee, greda halichagui ukuta mpya na wa zamani. Na kama bloku zako zimegusa ukuta wa nyumba usizing'oe kwa nyundo kubwa, kata kwanza kiungo kwa msumeno wa zege, mwachie kijana mwenye subira.

SWALI: Shikamoo. Mufindi, nyumba ya mzungu wa chai wa zamani, uani kuna ghala la mawe halina paa. Naweza kuliezeka nikaingiza gari humo badala ya kujenga jipya?
*Bila jina*

JIBU: Marahaba. Hilo ndo swali nililokuwa nalisubiri toka juu. Ndio, na ningekuwa mimi ofisa ningekupa kibali na soda, ila kiombe, maana ghala nalo linaweza kuwa ndani ya ulinzi wa nyumba. Wenzetu Uingereza wana kanuni kabisa, jengo dogo lililokuwepo kwenye uwanja wa nyumba iliyoorodheshwa toka kabla ya Julai 1, 1948 linahesabiwa sehemu ya nyumba hiyo. Pima mlango kwanza kabla hujafurahi, kama ni chini ya mita 2.4 usiupanue, tafuta gari dogo au hilo ulilonalo lilaze nje. Kenchi mpya zikae juu ya mbao ya ukutani, zisichimbiwe kwenye mawe, na yale magugu yaliyoota juu ya ukuta yakate usiyang'oe, ukivuta mzizi unakuja na jiwe.